Mkanda wa Pili wa The Battle of the Century na Nakala Tunazozitazama Nyumbani

Mwishoni mwa mwaka 1957, miezi michache baada ya mchekeshaji Oliver Hardy kufariki dunia, Robert Youngson alitoa katika majumba ya sinema ya Marekani filamu aliyoiita The Golden Age of Comedy. Ilikuwa mkusanyo wa vipande vya filamu bubu za vichekesho vilivyounganishwa kwa muziki na sauti za wasimuliaji, na miongoni mwa vipande hivyo zilikuwamo dakika tatu hivi za vita vya kurushiana pai kutoka The Battle of the Century, filamu fupi ya Stan Laurel na Hardy iliyotolewa mwisho kabisa wa mwaka 1927. Filamu yenyewe ilikuwa na mikanda miwili, jumla yake takriban dakika ishirini. Mkanda wa kwanza, wenye pambano la ndondi, ulipatikana mwaka 1979 katika Museum of Modern Art ya New York, na aliyeugundua ni mwanahistoria wa sinema Leonard Maltin. Mkanda wa pili, wenye vita vya pai, haukuonekana ukiwa na mfululizo wake hadi mwaka 2015. Kwa karibu miaka sitini, basi, kila aliyesifu au kuponda vita vile vya pai alikuwa akizungumzia dakika tatu ambazo Youngson alizichagua.

Nimekichukua kisa hiki kwa sababu anayenunua mkusanyo wa filamu bubu, uwe wa kaseti, DVD au Blu-ray, kwa kawaida huilaumu au huisifu diski kana kwamba mambo yote yalianzia kiwandani ilikotengenezwa. Picha inayofika sebuleni huwa imekwisha kuamuliwa, kwa sehemu kubwa, na ukoo wake: nani aliinakili, kutoka nakala ipi, mwaka gani na kwa ajili ya ukumbi wa namna gani. Ukifuatilia ukoo huo katika kisa cha mkanda wa pili, utaona kwamba kazi ya Youngson inastahili kupimwa mara mbili, kwanza kwa yale iliyoyaokoa, kisha kwa yale iliyoyabadilisha, na kwamba vipimo hivyo viwili havitoi jibu moja.

Youngson, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1974, alikuwa mtu wa filamu za habari. Alijifunza kazi kwa kuchambua maghala ya picha za matukio ya zamani na kuzipanga upya ziwe na maana kwa watazamaji wapya, na filamu zake fupi mbili, World of Kids na This Mechanical Age, zilipata tuzo ya Oscar. Mafunzo hayo yanaonekana katika kila mkusanyo alioutengeneza. Alizitazama filamu za Hal Roach na Mack Sennett, watayarishaji wa vichekesho vya enzi ya sinema bubu, jinsi mhariri wa habari anavyoitazama picha ya gwaride: atafute kilele, akikate, akipe maelezo, kisha asonge mbele. Hadhira yake ya mwaka 1957 ilikuwa imekulia kwenye sinema zenye sauti, na wengi wao waliamini kwamba sinema bubu ni picha za watu wanaokimbia ovyo huku mwanga ukimetameta. Alitaka kuwaonyesha kwamba walichodhani ni uchakavu wa sanaa kilikuwa uchakavu wa nakala walizozoea kuziona, na katika hilo alifanikiwa.

Alifanikiwa kwa sababu aliwahi. Filamu za miaka ya 1920 zilipigwa kwenye mkanda wa nitrati, kemikali inayoshika moto upesi na inayooza yenyewe kadiri miaka inavyopita: picha hufifia, mkanda huwa na unata, mizunguko hugandana, na mwishowe hubaki unga wa rangi ya kahawia. Youngson alizifikia negativu za nitrati za studio ya Roach, yaani mikanda ya asili ambayo nakala hutolewa kwayo, zikiwa tayari zimeanza safari hiyo, na baadhi ya sehemu alizozinakili kwenye mkanda salama, usioshika moto upesi, huenda zisingebaki. Ni vigumu kwangu kumlaumu mtu aliyeingia katika nyumba inayoungua akatoka na alichoweza kukibeba. Lakini ni vizuri kusema bayana alibeba nini.

Katika filamu kamili, Laurel ni bondia dhaifu na Hardy ni meneja wake. Pambano la mwanzo ni mzaha juu ya lile la Jack Dempsey na Gene Tunney lililofanyika Chicago mwezi Septemba mwaka huohuo wa 1927, ambapo Dempsey, baada ya kumwangusha mpinzani wake, alichelewa kwenda kwenye kona isiyo ya bondia yeyote na hesabu ya mwamuzi ikachelewa kuanza. Bondia wetu anashindwa, meneja anakatiwa bima juu ya mwili wa kijana wake, kisha anatega ganda la ndizi barabarani ili ajali itokee na fedha zipatikane. Anayelikanyaga ganda ni mwuza pai, ambaye ameigizwa na Charlie Hall. Hapo ndipo vita vinapoanza, na vinaanza polepole. Mwuza pai anaelewa nani aliyemtega, anamtia Hardy pai usoni. Hardy anajibu, lakini pai yake inampata mtu asiyehusika. Huyo naye anakuja kudai haki yake, anakosea shabaha, na mtu wa tatu anaingia. Kila anayeingia ana sababu yake, na kila sababu inaeleweka. Inapofika mahali pai inarushwa ndani ya chumba cha daktari wa meno na kumpata mgonjwa aliyekaa kinywa wazi, mtazamaji amekwisha kukubali kwamba mtaa mzima una haki ya kugombana. Idadi ya pai zilizotumika hutajwa mara nyingi kuwa 3,000, na Laurel mwenyewe alieleza baadaye kwamba nia yao ilikuwa kuufanya mchezo huo uliokwisha kuchakaa kwa ukubwa ambao haukuwa umefikiriwa, huku kila pai ikiwa na maana yake.

Dakika tatu za Youngson zina ukubwa huo. Ngazi inayopandwa kuufikia haimo. Zinatuingiza vita vikiwa vimekwisha kupamba moto, zinatupa mfululizo wa nyuso zinazopigwa, kisha zinakoma. Kama ni kionjo, ni kionjo kizuri. Kama ndicho chakula chote, na kwa karibu miaka sitini ndicho kilichokuwa chakula chote, mtu atakuwa na haki ya kudhani kwamba Laurel na Hardy, chini ya uongozaji wa Clyde Bruckman na usimamizi wa Leo McCarey, walichofanya ni kununua pai nyingi kuliko wenzao.

Sasa tuifuate picha yenyewe. Mkanda wa sinema bubu wa milimita 35 ulitumia karibu upana wote uliopo kati ya matundu ya pembeni. Sauti ilipokuja, ukanda mwembamba wa upande wa kushoto ukatengwa kwa ajili ya njia ya sauti, na fremu ya picha ikapungua na kusogea kulia. Anayenakili filamu bubu ili aiwekee muziki na msimulizi ana njia mbili: kuipunguza picha nzima kwa mashine ya lenzi ili iingie katika fremu mpya, au kuinakili kama ilivyo na kuiacha njia ya sauti ifunike upande wa kushoto. Njia ya pili ni rahisi, na gharama yake ni karibu sehemu moja ya kumi ya upana wa picha. Ukiona mkusanyo ambamo mtu aliyesimama kushoto amebaki nusu bega, au maandishi ya kwenye vibao vinavyoonyeshwa kati ya matukio yamekatwa herufi za mwanzo, hiyo ndiyo sababu, na hakuna teknolojia ya diski itakayozirudisha herufi hizo.

Kuna mkato mwingine. Kufikia mwaka 1957 kumbi nyingi za Marekani zilikuwa zimehamia kwenye pazia pana, na mwendesha mashine aliweza kuziba sehemu ya juu na ya chini ya fremu ili picha ienee kwenye pazia hilo. Fremu ya zamani ikizibwa kufikia uwiano wa 1.85 kwa 1, hupoteza kama robo ya kimo chake. Katika tamthilia ya watu wanaozungumza wakiwa wamekaa, hasara hiyo huvumilika. Katika vichekesho vya mwili mzima, ambapo kichekesho kiko kwenye mguu unaoteleza huku uso ukiwa bado hauna habari, kuziba juu na chini ni kuuondoa mguu au kuuondoa uso.

Halafu kuna vizazi. Kutoka kwenye negativu ya asili hutolewa nakala chanya, kutoka hiyo hutolewa negativu ya pili, na kutoka negativu ya pili hutolewa nakala za kuonyeshwa. Kila hatua huongeza chembechembe na huzidisha tofauti ya mwanga na giza, hata vivuli vyenye maelezo vikawa weusi mtupu na sehemu zenye mwanga zikawa weupe mtupu. Kwa filamu nyingine hasara hiyo ni ya pembeni. Kwa filamu ambayo mhusika wake mkuu ni krimu nyeupe, juani, juu ya nyuso zenye ngozi nyeupe, mbele ya majengo yaliyopakwa rangi nyepesi, hasara inapiga katikati ya mchezo.

Nitoe mfano mmoja. Anita Garvin anatokea kona ya jengo akiwa amevaa vizuri, anateleza juu ya pai iliyoanguka kando ya njia, na anaikalia. Hajui ni nini. Anakaa kidogo, akijiuliza, na mashaka yake yote yako kwenye macho na midomo. Kisha anainuka kwa heshima zake, anatikisa mguu mmoja kwa siri ya mtu asiyetaka kuonekana, na kuondoka. Ni sekunde chache tu, na kwangu ndizo bora kuliko pai zote zilizorushwa. Katika kaseti ya VHS niliyoitazama kwa mara ya kwanza, njia ilikuwa nyeupe, pai ilikuwa nyeupe, na uso wake ulikuwa doa lenye matundu mawili ya macho. Niliona mwanamke aliyeanguka na kuinuka. Kichekesho sikukiona, na sikujua kwamba kilikuwepo.

VHS hutoa takriban mistari 240 ya maelezo kwa upana wa picha, na kaseti niliyoizungumzia ilikuwa imetengenezwa kutoka nakala ya vizazi kadhaa, ikageuzwa kutoka mfumo wa televisheni wa NTSC wa Marekani kwenda PAL tuliokuwa tukiutumia Kenya na Tanzania. Ugeuzaji wa aina hiyo huchanganya fremu mbili katika moja, na kila kinachopita haraka huacha kivuli nyuma yake. Pai iliyorushwa ilionekana kama nyota yenye mkia.

DVD iliahidi mengi na ilitimiza kiasi. Mistari 480 au 576 ni hatua kubwa, lakini diski ina ujazo wake, na hapa ndipo watoaji wa mikusanyo ya bei ya chini walipoziumiza filamu hizi. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Ukiweka saa mbili za filamu, kila sekunde inapata megabiti 5 hivi; ukijaza saa sita ili kasha liandikwe kwamba lina hazina kubwa, kila sekunde inabaki na megabiti zisizofika 2. Programu ya kubana picha huokoa nafasi kwa kuhifadhi yale yanayobadilika kati ya fremu na fremu. Filamu ya zamani yenye chembechembe hubadilika kila mahali kila wakati, na vita vya pai hubadilika kuliko kawaida, kwa hiyo programu hushindwa na kuanza kugawanya picha katika vigae vya mraba. Mtazamaji hudhani anaona ubovu wa filamu ya mwaka 1927, ilhali anachokiona ni uamuzi wa mtu aliyetaka kuokoa diski mbili.

Kwa upande wa mwendo, vita vya pai vilikuwa na bahati. Kufikia mwaka 1927 vichekesho vya studio kubwa vilionyeshwa kwa kasi iliyokaribia fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo vilipohamishiwa kwenye mkanda wenye sauti havikuharibika sana. Filamu za miaka ya 1910, ambazo Youngson aliziingiza kwa wingi katika mikusanyo yake ya baadaye, ziliteseka zaidi: iliyopigwa kwa fremu 16 ikiendeshwa kwa 24 inakimbia mara moja na nusu ya mwendo wake, na iliyorefushwa kwa kurudia kila fremu ya pili inatembea kama mtu anayechechemea.

Sauti za Dwight Weist na Ward Wilson, wasimuliaji wa mkusanyo wa mwaka 1957, zimewaudhi wapenzi wengi wa sinema bubu, nami ni mmoja wao. Msimulizi anayekueleza kwamba tukio ni la kuchekesha anakunyang'anya nafasi ya kuligundua mwenyewe. Hata hivyo, kuna matoleo ya nyumbani ambamo watu wamechukua vipande vya Youngson, wakafuta sauti, wakaweka piano, na kuviita filamu za asili. Huo ni upotoshaji mkubwa zaidi. Vipande hivyo vilihaririwa ili vizungumze na sauti ile, na ukiiondoa unabaki na filamu isiyo ya mwaka 1927 wala ya mwaka 1957.

Tufike mwaka 2015. Mkusanyaji wa filamu Jon Mirsalis alikuwa na makopo ya mikanda yaliyotoka kwa mkusanyaji mwingine, Gordon Berkow, ambaye naye alikuwa amepata mikanda iliyokuwa mali ya Youngson mwenyewe. Miongoni mwake kulikuwa na mkanda wa milimita 16 wenye jina la The Battle of the Century, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni kile kipande kinachojulikana na kila mtu. Alipoutazama akakuta ni mkanda wa pili mzima. Habari ilitangazwa mwezi Juni mwaka huo katika warsha ya kutambua filamu zilizopotea inayofanyika kwenye hifadhi ya Library of Congress, Culpeper, Virginia. Mtu yuleyule aliyetuachia dakika tatu ndiye aliyekuwa amejihifadhia mkanda mzima.

Ugunduzi huo unaibadili hukumu juu ya Youngson. Alipokata hakuwa haoni thamani ya kilichobaki. Alikata kwa ajili ya ukumbi, na akahifadhi kwa ajili yake mwenyewe. Natamani angeweka nakala nyingine ya milimita 35, maana fremu ya milimita 16 ina eneo dogo kama mara sita kuliko fremu kamili ya filamu bubu ya milimita 35, na maelezo yasiyoingia katika eneo hilo hayamo. Lakini milimita 16 iliyotoka karibu na negativu inaweza kuishinda milimita 35 ya kizazi cha tano. Hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayesoma sifa za diski: upana wa mkanda ni nusu ya habari, nusu ya pili ni umbali wake na asili.

Filamu ilirekebishwa na Lobster Films ya Paris, mwaka 2020 ikaingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa, na mwaka 2023 Flicker Alley ikaitoa kwenye Blu-ray pamoja na filamu nyingine za mwaka wa kwanza wa Laurel na Hardy kuwa pamoja. Ukiitazama hapo baada ya miaka ya kuitazama kwenye mikusanyo, jambo la kwanza linalokushangaza ni utulivu. Hardy anapata muda wa kumtazama mwuza pai. Mwuza pai anapata muda wa kulitazama ganda. Vita vinachelewa kuanza, na kuchelewa kwake ndiko kunakovifanya vichekeshe vinapofika. Picha haijawa safi kama iliyopigwa jana, na wala sipendi ingekuwa hivyo, kwa sababu kufuta chembechembe zote kwa programu kungefuta pia ngozi na nguo. Krimu ina kivuli, njia ina rangi yake ya kijivu, na Anita Garvin anapokaa chini, unauona wasiwasi ukipita usoni mwake kabla hajainuka na kutikisa mguu.

Je, mkusanyo wa Youngson umekwisha kazi? Sioni hivyo. The Golden Age of Comedy ni filamu ya mwaka 1957 yenye historia yake. Ndiyo iliyowafanya watu wengi watambue kwamba Laurel na Hardy walikuwa wasanii kabla ya sauti, na mikusanyo iliyoifuata, When Comedy Was King ya mwaka 1960 hadi 4 Clowns ya mwaka 1970, iliendeleza kazi hiyo. Inastahili kuhamishwa upya kutoka nakala yake bora, kwa fremu nzima, pamoja na sauti zake zote, na kuwekwa kando ya filamu kamili ili mtazamaji aone mhariri alichukua nini na kuacha nini. Kuiacha iendelee kuzunguka katika nakala mbovu kwa hoja kwamba filamu za asili zimepatikana ni kurudia kosa lilelile lililozipoteza filamu hizo: kudhani kwamba kilichopo sasa kitakuwepo daima.

Kuna jambo moja ambalo hata diski ya mwaka 2023 haikuweza kulitengeneza. Tukio ambalo Eugene Pallette, akiigiza wakala wa bima, anamshawishi Hardy akate bima juu ya bondia wake, bado halijapatikana. Liko kati ya ndondi na ganda la ndizi, na bila hilo mtazamaji asingejua kwa nini ganda linategwa. Mahali pake pamewekwa picha za mnato zilizopigwa wakati filamu inatengenezwa, pamoja na vibao vya maandishi: Pallette amesimama, Hardy anasikiliza, hakuna anayesogea, kisha filamu inaanza tena kutembea.